Usimchague msimamizi kwa namba peke yake

Mdogo wangu, umeuliza umfuate msimamizi wa shahada ya uzamivu (PhD) mwenye kipimo cha h (h-index) cha 40 au yule kijana mwenye 12. Kipimo hicho, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, kinasema tu kwamba makala 12 za kijana huyo zimenukuliwa na watafiti angalau mara 12 kila moja. Hakishuki, kwa hiyo kinawabeba waliotangulia. Tena makala zinazoeleza mbinu za maabara hunukuliwa mno: ile ya mwanabiokemia Lowry na wenzake ya 1951, ya kupima protini, imepita mara 300,000.

Fungua makala zao tano za karibuni. Jina la kwanza ni la mwanafunzi? La mwisho, ambalo katika baiolojia ya molekuli huwa la mkuu wa maabara, ni la msimamizi mwenyewe kweli? Mimi ningekwenda kwa anayewatanguliza wanafunzi.