Usimwachishe dawa, mrudishe hospitali leo

Dada, pole sana. Umeuliza kama umwachishe mdogo wako haloperidoli, ile dawa ya ugonjwa wa akili, kwa sababu tangu juzi shingo imempinda na ulimi umekuwa mzito. Usimwachishe kienyeji, lakini pia usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke leo, hospitali ya Mawenzi au KCMC hapa Moshi, na ubebe dawa zake zote, hata za miti shamba. Misuli kukaza hivyo hutokea zaidi siku za mwanzo za dawa, na ipo sindano ya kuilegeza; mara nyingi nusu saa haiishi kabla hajapata nafuu. Akishindwa kumeza au kupumua, au akipata homa kali huku mwili umekakamaa na hajielewi, hiyo ni dharura, hata iwe usiku wa manane.

Mama yangu mkubwa hapa Majengo, naye akitumia dawa ya akili, alikuwa hawezi kukaa akatulia. Tangu alfajiri anazunguka kwenye migomba, chai inapoa kikombeni. Tulidhani ugonjwa umezidi, kumbe dawa! Daktari akapunguza dozi, miguu ikatulia. Baadaye akahamishiwa olanzapini, dawa nyingine ya akili. Hiyo imemnenepesha, magauni yote hayamtoshi, na sukari inabidi ipimwe kila mara.

Lakini zile sauti za ugonjwa, alizokuwa akizisikia zikimtukana, zilififia baada ya wiki kadhaa, na sasa anapika mtori mwenyewe na kugombana nasi kuhusu chumvi. Mwaka mmoja tulikatisha dawa ghafla kwa kuona amepona. Sauti zikarudi, naye akalala nje siku mbili.

Ukitoka hospitali tuambie anaendeleaje.