Mkono Ukilegea, Usikimbilie Ini

Maswali ya wasomaji, na Mama Kulwa, Kirumba, Mwanza

SWALI: Shikamoo Mama Kulwa. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Buhongwa. Nilisoma kozi ya siku sita ya kinesiolojia, ile tiba mbadala ya kupima misuli, nikapewa cheti. Nimepanga chumba na wateja wameanza kuja. Wiki iliyopita nilimpima baba mmoja, misuli ya kifua ikalegea kabisa, nikamwambia ini lake lina shida. Sasa amerudi na mkewe, wanataka dawa ya ini. Nimekwama. Nimekosea wapi?
Kijana wa Buhongwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe umeuliza mapema, mimi nilichelewa.

Mwaka wangu wa tatu wa kazi alinijia mvuvi wa dagaa. Amechoka, tumbo linajaa, nguvu hana. Nikamlaza, nikamnyoosha mkono, nikausukuma. Ukashuka kama kanga iliyodondoka kwenye kamba. Chati niliyofundishwa inasema msuli ule wa kifua ni wa ini, basi nikamwambia ini. Nikamkanda, nikamkataza mafuta, akaja mara nne, na kila mara aliondoka anacheka. Mara ya tano alikuja na mkewe, naye ndiye aliyesema: "Mama, huyu anapata choo chenye damu tangu mwezi wa pili." Mimi sikuwa nimeuliza habari za choo hata siku moja! Nikawapeleka zahanati mwenyewe. Kipimo cha choo kikaonyesha mayai ya kichocho, akapewa prazikwanteli.

Hapo ndipo penye mtego. Kichocho cha tumbo, kile tunachokipata kwa kuingia ziwani, kikikaa muda mrefu huharibu ini kweli. Shoga yangu mmoja akaniambia, "Si unaona, ulipatia." Sikupatia. Nilifungua daftari langu nikakuta mwezi ule nimeshawaambia ini watu saba. Anayesema ini kwa kila mtu, siku moja atakutana na mwenye ini. Na mkono wa yule bwana ulikuwa umevuta nyavu usiku kucha; ungekosaje kulegea?

Ujue basi ulichofundishwa kimetoka wapi. Mwaka 1964 George Goodheart, tabibu wa kunyoosha uti wa mgongo huko Detroit, Marekani, alianza kuoanisha misuli na viungo vya ndani. Baadaye akaingiza na zile njia ambazo tiba ya Kichina husema nguvu hupita mwilini. Miaka ya 1970 mwenzake John Thie akairahisisha ili hata mtu asiye tabibu aweze kuifanya, na ndiyo hiyo ya siku sita. Usiichanganye na kinesiolojia ya vyuoni, ambayo ni elimu ya mwendo wa mwili. Wala usiichanganye na mtaalamu wa fiziotherapia anayepima misuli kwa alama za 0 hadi 5 baada ya mtu kupooza. Yule anapima msuli ili aujue msuli. Sisi tunausukuma msuli halafu tunatangaza habari za ini.

Wataalamu wamejaribu njia yetu kwa kumficha mpimaji asijue anachopima, na majibu yakawa sawa na kubahatisha. Sikuamini, nikajaribu nyumbani. Kulwa alijaza vichupa viwili vya rangi moja, kimoja sukari, kingine chumvi, akavifunga akatoka nje. Doto akashika kimoja kimoja, mimi nikapima mkono wake nitaje kilichomo, mara 20. Nilipatia 11. Ningerusha sarafu ningepata hivyohivyo, na mkono usingeniuma. Tatizo si uongo wetu. Ukishategemea jibu fulani, kidole chako kinaongeza nguvu kidogo bila wewe kujua. Daktari Mwingereza William Carpenter aliliandika jambo la namna hii tangu 1852.

Utaniuliza, mbona sijafunga chumba? Kwa sababu watu wanapona mabega hapa. Mama wa sokoni aliyebeba ndoo kichwani miaka ishirini anapata nusu saa ya mtu kumsikiliza, kumkanda na kumfundisha kunyoosha shingo, na hiyo si kazi ndogo. Kupima misuli bado napima, ila kama njia ya kumfanya mteja auhisi mwili wake: upande upi mzito, upi mwepesi. Jina la ugonjwa halitoki kinywani mwangu. Sentensi yangu siku hizi ni, "Mkono huu umechoka, tuulegeze." Kabla sijamgusa mtu nauliza choo, mkojo, homa, kupungua uzito, dawa anazotumia. Na simwachishi mtu dawa ya hospitali, hata akinisihi.

Huyo baba wa ini mwite leo, mbele ya mkewe. Mwambie, "Nilisema zaidi ya ninachojua, naomba twende tukapime." Utaona aibu kwa dakika mbili. Dawa ya ini usimpe, hata ya mitishamba. Halafu nenda kwa mratibu wa tiba asili na tiba mbadala wa halmashauri yako akuelekeze usajili wako na wa chumba. Sheria Namba 23 ya mwaka 2002 inautaka, na cheti cha siku sita hakisimami badala yake.

SWALI: Mama Kulwa, nauza samaki Mwaloni. Mpima misuli alinishikisha kipande cha sato, mkono ukashuka, akasema mwili wangu unamkataa sato. Nimeacha miezi miwili. Kweli?
Mama Sato, Mwaloni

JIBU: Dada yangu, hivi ulipokula sato mara ya mwisho midomo ilivimba? Ngozi ilitoka vipele? Pumzi ilibana? Kama ndiyo, usimguse, nenda hospitali wakupime. Kama ulikula ukalala vizuri, miaka yote, basi mkono ulishuka kwa sababu umeshinda unaparua magamba. Kaanga, na ugali wa muhogo.