Pumzi ya baba yako

Mwanangu,

Nimepata ujumbe wako. Baba yako homa ya mafua imemwacha, lakini akipanda ngazi za hapa nyumbani bado anahema, nawe unauliza kama apumzike mpaka nguvu zirudi, na kama umnunulie kile kidude cha kuvuta hewa chenye mipira mitatu.

Asikae tu. Miaka yangu ya wodini ilinionyesha jinsi mzee anavyoisha misuli akilazwa hata siku chache, na mapaja ndiyo hutangulia. Kiwambo kinachovuta hewa nacho ni msuli. Miguu ikidhoofika, kazi ndogo hudai hewa nyingi, ndiyo maana anatweta hata pale mapafu yanapopona. Kidude hicho hakina ubaya, ila hakiimarishi miguu. Pesa hizo ziweke kwanza.

Tulianza na pumzi yenyewe, kwa kuwa kuhema kunamtia hofu, na mwenye hofu huvuta hewa fupi fupi za juu ya kifua. Anakaa kitini, mabega yamelegea, kiganja tumboni. Anavuta kwa pua mpaka tumbo liinue mkono, kisha anatoa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepuliza makaa bila kutaka kurusha majivu. Kutoa kuchukue muda karibu mara mbili ya kuvuta. Midomo ikibanwa, njia za hewa hazijifungi mapema na hewa iliyokwama ndani hupata kutoka. Kwenye ngazi anavuta akiwa amesimama, anapanda akitoa.

Halafu kiti. Kile cha meza ya chakula, mgongo wake ukiegemea ukuta kisiteleze. Anasimama na kuketi bila kujisukuma kwa mikono, mara tano, anatulia, anarudia. Zoezi hili naliamini kuliko yote: misuli inayofanya kazi hapo ndiyo ile ile ya kuinuka chooni na kupanda matatu. Kutembea kupo pia, hapa hapa mtaani Buruburu, jua likishatoka, maana baridi ya asubuhi na moshi wa magari humchokoza kikohozi.

Kiasi gani? Atembee huku anaweza kuzungumza nami na kumaliza sentensi. Akikatika katikati, tunapunguza mwendo. Lakini jibu la kweli huja kesho yake. Baada ya ugonjwa wa virusi, wapo ambao uchovu huwaangukia siku moja au mbili baada ya kujitahidi, na hao ukiwakazania unawaumiza. Akiamka hoi, siku hiyo ni ya mazoezi ya pumzi peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa waliougua Korona, liligawa kurudi kwenye mazoezi katika hatua 5, kila hatua angalau siku 7. Yeye hakuugua Korona, ila mwendo huo nimeuazima kwa sababu una subira.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni usikilinganishe na chako huko Mombasa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kusoma chini kidogo ni kawaida. Ila kikibaki asilimia 92 au chini akiwa ametulia, nampeleka hospitali. Vivyo hivyo akiumwa kifua, midomo ikigeuka bluu, akikohoa damu, akichanganyikiwa, au mguu mmoja ukivimba, kwa kuwa damu inaweza kuwa imeganda. Na kikohozi kikipita wiki mbili atapimwa kifua kikuu, hata kama sote tunaamini ni mafua. Katika vituo vya serikali hawatozi.

Kuna jambo naomba unisaidie. Ndugu yako anampenda baba yake, na kwa mapenzi hayo humletea kila kitu kitini: chai, gazeti, hata kandambili. Zungumza naye, wewe anakusikia. Mzee aendee chai yake jikoni mwenyewe. Na kama bado unataka kutuma pesa, lipia mtaalamu wa tiba ya viungo aje amwone mara moja au mbili, ampime mwendo na uwezo wake wa kusimama bila kuyumba, maana kuanguka kwa umri ule kutaturudisha nyuma kuliko mafua.

Mama