Shangazi, bili ya intaneti inatununisha

Shangazi, mimi na mume wangu hatusemezani, sasa ni wiki ya pili. Bili ya intaneti ya nyumbani imepanda karibu mara mbili, naye anataka tuikate, kila mtu ajinunulie bando lake la simu. Mimi nafanyia kazi nyumbani na watoto wawili wanaitegemea kwa masomo. Asichojua ni kwamba miezi mitatu iliyopita nilipandisha kifurushi hadi kasi ya Mbps 200 (megabiti kwa sekunde), kwa sababu chumbani ninakofanyia kazi simu za video zilikuwa zinakwama. Na bado zinakwama! Ruta iko sebuleni nyuma ya televisheni, nimeifunika kitambaa isishike vumbi. Nishauri.
Niliyebanwa

Mwanangu Uliyebanwa,

Nilipofika kwenye kile kitambaa nilicheka, nisamehe. Kitoe leo. Mawimbi hakiyazuii, ila ruta inapata joto bure. Kinachoyazuia hasa ni hiyo televisheni iliyosimama mbele yake, na kuta zinazofuata hadi chumbani.

Fanya jaribio moja kabla hujamlipa mtu senti nyingine. Chukua kompyuta yako, iunganishe na ruta kwa waya, upime kasi. Kisha chomoa waya, nenda chumbani, upime tena. Ukikuta sebuleni unapata 190 na chumbani 8, basi umekuwa ukinunua kasi inayoishia kwenye kochi. Hata ungepanda hadi 1,000, chumbani ungebaki na nane zako. Hamishia ruta mahali pa wazi, juu ya kabati, katikati ya nyumba kadiri waya utakavyofika. Ruta nyingi hurusha mawimbi ya aina mbili: ya GHz 5 yana mbio lakini ukuta huyachosha, ya GHz 2.4 ni ya polepole ila hupenya vizuri zaidi. Ukiwa chumbani jaribu hayo ya pili. Yakishindwa nayo, nunua waya mrefu uupitishe ukingoni mwa ukuta hadi mezani pako. Unaununua mara moja, basi.

Sasa hizo 200. Filamu ya picha safi hutumia kama Mbps 5, ile ya 4K, yenye picha kali zaidi, kama 15, simu ya video kama 4. Watoto wote wawili wakitazama 4K nawe uko kikaoni, hapo ni 34. Kifurushi cha 50 kinawatosha, na simu zenu za mkononi zinapata nafasi.

Mumeo naye hesabu yake ina tundu. Saa moja ya video ya picha safi inaweza kula hadi GB 3. Mtoto mmoja akitazama saa moja kila siku, mwezi ni hadi GB 90, na mnao wawili. Mwombe aulize bei ya bando la kiasi hicho.

Halafu toa bili za miezi sita, uzipange mezani, usome mstari kwa mstari. Kupandisha kifurushi kumechangia, lakini huenda pia bei ya ofa ya wateja wapya iliisha kimyakimya. Angalia kama unatozwa pesa za kukodi ruta kila mwezi, au huduma usiyoitumia. Mimi mwenyewe nililipia laini ya simu ya mezani miaka minne, na simu yenyewe ilikuwa stoo! Niliuona mstari ule siku nilipobadilisha miwani.

Ukishajua unacholipia, tazama mkataba unaisha lini na faini ya kuuvunja ni kiasi gani. Tafuta bei ya kampuni nyingine inayofika mtaani kwenu, kisha wapigie wa kwako uwaambie unafikiria kuhama. Wa kwanza kupokea mara nyingi hana mamlaka ya kupunguza. Omba upelekwe kwa wanaoshughulikia wateja wanaoondoka. Wakikupa bei mpya, uliza ni ya miezi mingapi na uiandike tarehe hiyo kwenye kalenda.

Ila kabla ya simu hiyo, mwambie mumeo kuhusu kile kifurushi. Anagombana na bili ambayo nusu ya habari zake umezificha wewe, na akiiona mwenyewe siku mnapanga karatasi mezani, intaneti haitakuwa tena ndiyo shida yenu.

Ukishapima, niandikie zile namba mbili, ya sebuleni na ya chumbani. Nina hamu nazo kweli.

Shangazi