Kwa nini Wamexico huchukia kuitwa "wetback"

Ndugu, ulivyosema kwamba "wetback" ni jina la utani tu, hapana, hilo ni tusi. Maana yake ni mgongo uliolowa, yaani mtu aliyeingia Texas kinyemela kwa kuvuka mto Rio Grande, ambao Wamexico huuita Río Bravo. Baadaye likabandikwa kwa yeyote mwenye asili ya Mexico, hata aliyepita jangwa la Arizona bila kugusa tone la maji, hata aliyezaliwa Marekani.

Kibaya zaidi, serikali ya Marekani yenyewe ililitumia. Mwaka 1954, enzi za Rais Eisenhower, msako wa kuwafukuza Wamexico walioingia kinyemela ulipewa rasmi jina la Operation Wetback, na wapo raia wa Marekani waliozolewa humo. Ajabu ni kwamba wakati huohuo, chini ya mpango wa Bracero (1942–1964), Marekani ilikuwa ikiwaleta Wamexico kwa mkataba wavune mashamba yake.

Mwaka 2013 mbunge Don Young wa Alaska alilitamka neno hilo redioni akazomewa mpaka akaomba radhi.

Kwa Kihispania utasikia "mojado", aliyelowa. Wenyewe huitana hivyo, wakati mwingine kwa majivuno. Wewe usijaribu.