Mpiga besi anapotaka bendi ipige wimbo wake

Bendi nyingi za roki zina mtunzi mmoja au wawili wanaojaza albamu nzima. Mpiga besi (gitaa la sauti nzito) akileta wimbo wake, tatizo si kipaji. Nafasi ni chache, kwa hiyo peleka wimbo mmoja au mbili zilizokamilika, si vipande kumi.

John Deacon, mpiga besi wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, alifanya hivyo. Wimbo wake wa kwanza, "Misfire", ulitoka 1974, na baada ya hapo kwa kawaida alitoa wimbo mmoja au mbili kwa kila albamu. Hakuwa mwimbaji, hivyo alizitunga ili aziimbe mwimbaji wa bendi, Freddie Mercury, yule mzaliwa wa Zanzibar.

Msikilize kwenye "Another One Bites the Dust" (1980): noti ya E inapigwa mara tatu, kisha pengo, ndipo besi inajijibu. Kasi ni karibu mapigo 110 kwa dakika. Hilo pengo ndilo linaloshika wimbo. Wapiga besi wengi hukosea hapa: kwa kuwa wimbo ni wao, wanajaza kila nafasi, besi inagongana na dramu kubwa ya mguu, na mwimbaji anakosa pa kuingilia. Tunga mstari wa baa mbili (baa ni kipande kifupi chenye mapigo, mara nyingi manne), kisha punguza noti mpaka ukipunguza nyingine wimbo unakufa. Ila baa mbili hazibebi dakika tatu. Kwenye kiitikio badilisha koadi, yaani noti zinazopigwa pamoja.

Demo yako, yaani rekodi ya majaribio, iwe na dramu za programu, besi na sauti, hata ya kuguna tu. Dakika mbili zinatosha. Angalia jambo moja: E ya chini kabisa ya besi iko karibu hezi 41, na spika ya simu haiifikii. Ukiwatumia wenzako kwa WhatsApp watasikia dramu tupu na mkwaruzo wa nyuzi, nao watasema wimbo hauna kitu. Rekodi mstari huohuo tena oktava moja juu (noti zilezile kwa sauti nyembamba zaidi), uuchanganye kwa sauti ndogo.

Usiung'ang'anie ufunguo wa E eti kwa sababu uzi wa E unapigwa wazi, bila kubonyezwa. Mwimbaji aimbe kwanza noti ya juu kabisa ya kiitikio; akikaza shingo, shusha ufunguo kwa nusutoni (hatua ndogo kabisa kati ya noti) moja au mbili. Ukifika D, legeza uzi wa E hadi D.

Ukikwama kwenye besi, hamia kinanda. "You're My Best Friend" (1975) Deacon aliutunga kwenye piano ya umeme aina ya Wurlitzer, na akaipiga mwenyewe studio kwa kuwa Mercury hakuipenda.

Mirabaha, yaani malipo ya watunzi, iandikeni kwa asilimia na kutia sahihi kabla ya kuingia studio: maneno nani, melodi nani. Queen wenyewe walianza kuandika nyimbo zote kwa jina la bendi kwenye The Miracle (1989). Na ukipewa upande B (wa nyuma) wa singo, santuri ya wimbo mmoja mkuu, uchukue. Kwenye santuri za "Bohemian Rhapsody", mpiga dramu Roger Taylor alilipwa kwa wimbo wake wa upande B sawasawa na mtunzi wa upande A.