Maziwa ya Moto ya Mpemba na Ndoo Zangu za Asali

Jarida limetuuliza wasomaji wiki hii: mtu aliyeshindwa na kukataliwa zaidi ya mara moja apate wapi nguvu ya kujaribu tena? Najua wengi watataja subira na imani, na sina ugomvi nao. Lakini mimi ni mfugaji nyuki, na kazi yangu imenifunza kwamba nguvu ya kurudi mlangoni haimfai sana mtu anayerudi na kitu kilekile alichokataliwa nacho. Kwa hiyo, kabla sijaeleza yangu, naomba niwakumbushe wasomaji habari za Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania aliyeuliza kwa nini cha moto huweza kuganda kabla ya cha baridi, ambazo wengi wetu tulizisikia shuleni kwa ufupi mno.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kununua maziwa kwa akina mama wa jirani, kuyachemsha, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu wapate aiskrimu. Trei zilikuwa chache na waliozitaka walikuwa wengi. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake akikimbilia jokofu na maziwa ambayo hata hakuyachemsha, naye kwa kuhofia kukosa trei ya mwisho akayaweka yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado mazito kama uji.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa na jambo hilo haliwezekani. Mpemba mwenyewe ameandika kwamba aliliamini jibu hilo. Naupenda ukweli wake huo, kwa maana tunapohadithiana habari za watu waliofanikiwa huwa tunawafanya majasiri tangu siku ya kwanza, ilhali kijana huyu alinyamaza kama ambavyo mimi na wewe tungenyamaza. Kilichomrudisha kwenye swali lake ni wauza aiskrimu wa mji wa Tanga, ambao aliwakuta wakianza na mchanganyiko wa moto makusudi kwa sababu, kwa uzoefu wao, huganda upesi zaidi.

Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, darasa lilikuwa likisoma sheria ya Newton ya kupoa kwa vitu, yaani kasi ambayo kitu cha moto hupoteza joto, naye akauliza tena. Mwalimu akamwambia kwamba amechanganyikiwa, na alipozidi kushikilia akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea kusoma jedwali la logi, la kurahisishia hesabu, iliitwa hisabati ya Mpemba, na darasa zima likaudaka msemo huo. Aliyewahi kusoma bweni anajua jinsi utani wa namna hiyo unavyoweza kumfuata mtu hadi kitandani. Jina la baba yako linageuzwa kuwa neno la kutajia kosa, na kila anayelitamka anacheka.

Sasa tazameni alichofanya. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi na hakuna mwalimu. Akachukua bikari mbili ndogo, yaani vikombe vya maabara, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziingiza kwenye jokofu la maabara. Baada ya saa moja hakuna iliyokuwa imeganda yote, lakini barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile iliyoanza na moto. Hakuona kama ameshinda. Alipanga kurudia akipata nafasi. Hivyo Dkt. Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule na wanafunzi kuruhusiwa kumuuliza, swali la Mpemba halikuwa tena lile la maziwa. Aliuliza kuhusu bikari mbili zenye maji ya ujazo ulio sawa, moja ikiwa nyuzi joto 35 na nyingine nyuzi 100, na kwa nini ile ya 100 hutangulia kuganda. Wenzake walicheka, na baadaye wakamlaumu kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne alimuuliza kama amejaribu mwenyewe, na aliposikia kwamba amejaribu, akakiri kuwa hajui sababu na akaahidi kulifanya jaribio akirudi Dar es Salaam.

Aliitimiza ahadi yake, na mwaka 1969 wakachapisha makala kwa majina yao wawili katika jarida la ualimu wa fizikia la Uingereza, Mpemba akiwa tayari anasomea uhifadhi wa wanyamapori karibu na Moshi. Hadi leo wanasayansi hawajakubaliana kama kweli maji ya moto hutangulia kuganda. Mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa makini wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Hilo halimpunguzii Mpemba chochote machoni pangu, kwa sababu wanaombishia siku hizi wanambishia kwa vipimajoto.

Nirudi kwenye nyuki. Msimu wangu wa kwanza nilipeleka ndoo sita kwa mnunuzi mkubwa. Alidondosha asali kidogo kwenye kioo cha kipimo chake, akakielekeza kwenye mwanga, akaniambia maji yamezidi, kisha akarudishia mfuniko wa ndoo. Nilirudi nyumbani nikiamini kabisa kwamba nimeonewa. Msimu wa pili nikajipa moyo, nikavuna vilevile, nikapeleka kwake vilevile, nikakataliwa vilevile. Wakati ule nilijiona mvumilivu, na ninaumia nikikumbuka, kwa sababu mwaka mzima wa nyuki wangu ulipotea ndani ya uvumilivu huo.

Safari hiyo ya pili ndipo nilipomwomba anionyeshe. Kipimo kilisoma 22, na akanieleza kwamba asali inayozidi asilimia 20 ya maji huchacha. Nyumbani nilijaza chupa mbili. Moja niliitia asali ya masega ambayo nyuki walikuwa wameshayaziba kwa nta, na nyingine asali ya masega yaliyokuwa bado wazi. Niliziweka pamoja kwenye rafu ya jikoni, nikawa nazitazama kila asubuhi kabla ya kwenda shambani. Baada ya majuma kadhaa chupa ya pili ilitoa povu, na nilipoifungua ilinuka pombe. Ile ya kwanza ilikuwa imetulia. Kumbe miaka yote miwili nilikuwa ninawanyang'anya nyuki kazi ambayo hawajaimaliza, ile ya kuipunguza maji asali kabla ya kuziba sega.

Msimu wa tatu nilichelewa kuvuna, na kila sega lisilozibwa nililiacha mzingani. Nilipata ndoo nne tu. Mnunuzi alidondosha asali kwenye kioo kama kawaida yake, akakielekeza mlangoni kwenye mwanga, akakaa nacho kitambo. Kisha akaandika 18 kwenye daftari lake na kuniuliza kama nyumbani nimebakiza nyingine.